Jina Halichongi Ngalawa

Neno ngalawa linafahamika Ngulyati hata kama chombo chenyewe hakijawahi kufika huko. Ngulyati ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, ndani kabisa ya nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe. Maji ya kila siku huko ni ya kisima, ya lambo la kunyweshea mifugo, na ya mito ambayo masika huja kwa kishindo na kiangazi huacha mchanga mtupu. Pwani ya Bahari ya Hindi iko mamia ya kilomita upande wa mashariki. Hata hivyo neno limefika, limeletwa na Kiswahili cha shuleni, cha redio na cha vitabu, na mtoto anayekutana nalo hulipa umbo kwa mawazo yake: gogo lililochimbwa, tanga moja, na miti miwili ya kando inayolizuia gogo lisipinduke. Jina limepanda bara peke yake, bila gogo, bila tanga, bila baharia wa kulisindikiza. Kwa hiyo Ngulyati ni mahali pazuri pa kusimama na kulitafakari swali ambalo huulizwa kila vyombo vya pwani yetu vinapotajwa: neno hili limetoka wapi? Swali ni halali, na limewatuma wataalamu wa lugha kufanya kazi njema. Lakini mara nyingi nyuma yake limejificha swali jingine: chombo hiki ni cha nani, nani alikibuni, nani aliwafundisha hawa watu kusafiri majini? Maswali haya mawili yamezoea kujibiwa kwa pumzi moja, na hapo ndipo tunapokosea.

Ni rahisi kuona kwa nini yanachanganywa. Mtu akikaa na kuchambua majina ya vyombo na zana za baharini katika Kiswahili, ataona wageni wamejaa. Mashua ni neno la Kihindi, jahazi limepitia Kiajemi na Kiarabu, merikebu na safina ni Kiarabu. Meli limetokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa sababu meli za moshi zilizokuja kwa ratiba ndizo zilizobeba barua. Nahodha ni Mwajemi kwa jina, usukani anaoushika ni wa Kiarabu, na demani anayoivuta na foromali inayobeba tanga lake zina jamaa zao ng'ambo ya bahari. Mwenye haraka akifika mwisho wa orodha hiyo atasema kwamba watu wa pwani hii walikuwa wamesimama ufukoni, mikono mitupu, wakingoja kupakiwa. Hoja hiyo imewahi kutolewa kwa lugha ya kitaalamu, tena kwa muda mrefu, katika enzi ambayo kila jengo la mawe, kila chombo cha chuma na kila mji wa Afrika ulitafutiwa baba kutoka nje. Jina la kigeni lilihesabiwa kuwa hati ya kumiliki. Msimamo wa makala haya ni kwamba jina halina uwezo huo. Jina hushuhudia kwamba watu fulani walikutana na kuzungumza. Halishuhudii nani alishika tezo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko mbali na sisi, kaskazini mashariki ya Brazili, ambako wavuvi wa Ceará na majimbo jirani wamevua kwa karne nyingi wakitumia chombo kiitwacho jangada. Ni magogo mepesi yaliyounganishwa sambamba, bila kuta za ubavuni, maji yakipita juu na chini, na tanga la pembe tatu likivuta. Neno jangada halikuzaliwa Brazili wala Ureno. Asili yake ni lugha za kusini mwa India, hasa Kimalayalam cha pwani ya Malabar, ambako neno la namna hiyo lilitaja vyombo au magogo yaliyofungwa pamoja. Wareno walilisikia huko baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwezi wa Mei 1498, na njia iliyomfikisha huko ilipita kwetu: alitoka Malindi mwezi wa Aprili mwaka huohuo, akiwa na rubani aliyempata hapo. Merikebu zilizorudi Lisbon zilipita tena kando ya pwani ya Afrika Mashariki zikiwa na pilipili, na maneno yakasafiri pamoja na shehena. Wareno walipofika Brazili mwaka 1500, waliwakuta wenyeji tayari wanasafiri juu ya magogo yaliyofungwa. Wenyeji walikuwa na majina yao na ufundi wao. Wageni hawakuleta magogo. Walileta tanga, na walileta jina walilolizoea Malabar, jina likashinda. Basi jangada ina jina la India, mwili wa Brazili na tanga lililokuja na Wazungu. Anayetaka kuijua asili yake kwa kufuata jina peke yake ataishia Malabar, na huko hatamkuta hata babu mmoja wa wavuvi wa Ceará.

Tena jina hilo la kuazima halikuwapunguzia wavuvi hao umiliki wa chombo chao. Mwaka 1881, katika bandari ya Fortaleza, wenye jangada waligoma kuwavusha watumwa kutoka ufukoni hadi kwenye meli zilizokuwa zinangoja penye kina kirefu. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Francisco José do Nascimento, ambaye historia ya Brazili inamkumbuka kwa jina la Joka la Bahari. Bila jangada, biashara ile ilikwama mchangani. Jimbo la Ceará likafuta utumwa mwaka 1884, miaka minne kabla ya nchi nzima kufanya hivyo mwaka 1888. Miongoni mwa watu waliofikishwa Brazili kwa minyororo walikuwamo wa Msumbiji, jirani zetu wa kusini, kwa hiyo habari hii inatuhusu kwa damu. Aliyeamua kama mtu atavushwa au hatavushwa ni mwenye chombo, na mwenye chombo alikuwa yule aliyekijua upepo wake, uzito wake na mipaka yake. Hakuna aliyemuuliza kwanza neno jangada limetoka lugha gani.

Turudi sasa kwenye maji yetu. Andiko la Kigiriki la karne ya 1 lijulikanalo kama Periplasi ya Bahari ya Eritrea, lililokuwa mwongozo wa wafanyabiashara, linaeleza pwani ya Afrika Mashariki na kutaja kisiwa kiitwacho Menuthia, ambako watu walitumia mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya mti mmoja kuvulia samaki na kasa. Mji wa mwisho uliotajwa, Rhapta, ulipewa jina hilo na Wagiriki kwa sababu ya mashua hizo za kushonwa. Hapa mgeni ndiye aliyepata jina la mji kwa kutazama kazi ya mwenyeji. Ufundi wa kushona mbao haukupotea haraka: mtepe, chombo kikubwa kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kuvutwa na tanga la mkeka, uliendelea kusafiri katika visiwa vya Lamu hadi karne zilizo karibu nasi. Na ukiingia bara, lugha zenyewe zinatoa ushahidi. Kinyarwanda na Kirundi husema ubwato, Kihaya obwato, Kiganda eryato, Kibemba ubwato, na Kilingala cha mto Kongo kina jamaa wa neno hilohilo. Wataalamu wa lugha wamelirudisha hadi kwenye Kibantu cha kale, maana yake likiwepo kabla lugha hizo hazijaachana. Kafi, ubao wa kupigia maji, lina ndugu yake enkasi huko Buganda. Kisukuma na Kinyamwezi zimo katika ukoo huohuo mkubwa. Kwa hiyo mkulima wa Ngulyati asiyewahi kupanda chombo chochote ni mrithi wa watu waliokuwa na neno la mtumbwi maelfu ya miaka kabla ya nahodha wa kwanza wa Uajemi kutia nanga pwani.

Mtu akiyatazama maneno hayo kwa pamoja, ataona yanajipanga kwa tabaka. Mtumbwi na kafi ni maneno ya kale ya Kibantu, nayo yanahusu gogo na nguvu ya mkono. Nahodha, usukani, demani na foromali yanahusu safari ndefu ya tanga, utaratibu wa amri chomboni, na biashara ya pepo za msimu, mahali ambapo Mwarabu, Mwajemi, Mhindi na Mswahili walifanya kazi kwenye chombo kimoja na walihitaji kuelewana mara moja upepo ulipobadilika. Tabaka la pili halikufuta la kwanza, lilikaa juu yake.

Ngalawa yenyewe ndiyo mfano mgumu zaidi, na kwa hiyo ndiyo mfano bora. Ile miti ya kando, ambayo wengine huiita matengo na wengine mirengu, inafanana sana na ya vyombo vya visiwa vya Indonesia. Mtafiti wa vyombo James Hornell aliandika mwaka 1934 kwamba athari ya Indonesia ilifika Afrika Mashariki, na mpaka leo wengi wanaona mfano wa mabawa hayo ulikuja na watu walewale waliopeleka Madagaska lugha yenye asili ya Borneo. Hilo lina uzito na halina sababu ya kukataliwa. Lakini tazama jina. Komoro husema galawa. Ukienda kusini na bara, Wayao wanalo neno ngalawa, na katika Kichewa cha Malawi ngalawa ni mashua kwa jumla. Katika Ziwa Nyasa mashua haina mabawa. Kichewa kimelitumia neno hilo hata kuunda chingalawa, yaani ngalawa kubwa mno, na hilo ndilo jina la chombo cha Nuhu, kile ambacho sisi wa Kiswahili tumekiita kwa Kiarabu, safina. Jina, basi, limeenea mahali ambapo mabawa hayakuenea, na mabawa yameenea mahali ambapo jina ni jingine kabisa, kama Madagaska, ambako chombo chenye bawa huitwa lakana. Kila kimoja kina njia yake. Na mwili wa ngalawa una habari ya tatu: mara nyingi huchongwa kwa mwembe, mti uliotoka India, ukaota kwetu mpaka ukawa mti wa uani. Mti wa India, mabawa yenye sura ya Indonesia, jina linaloishi hata kwenye maziwa ya bara, na mkono wa fundi wa Mafia, Bagamoyo au Unguja. Nani atakuja na neno moja akatwae chombo chote?

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba vitu na majina kwa kawaida husafiri pamoja. Baiskeli ilikuja na jina lake, treni vilevile, na hakuna anayesema babu zetu walikuwa na treni ikiitwa kwa jina jingine. Kama majina hayathibitishi chochote, mbona tunaamini mengi juu ya historia kwa kuyafuata? Jibu ni kwamba jina la kuazima ni dalili, na dalili huanzisha uchunguzi, haiufungi. Kwa treni, dalili inaungwa mkono na reli, tarehe za ujenzi na kumbukumbu za serikali. Kwa mtumbwi, ushahidi unakwenda upande mwingine: Dufuna, kaskazini mashariki ya Nigeria, uligunduliwa mwaka 1987 mtumbwi wa gogo unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 8,000 hivi. Tena mpingaji ajaribu kuigeuza hoja yake aone itampeleka wapi. Kiswahili kina neno chelezo, linalotokana na kuelea, nalo ni jina la kale la kitu chochote kilichofanywa kielee, pamoja na magogo yaliyofungwa kuwa chombo. Leo ukisema chelezo Mwanza, watu wataelewa mahali meli zinapoundiwa na kukarabatiwa katika bandari ya kusini, palipojengwa na wahandisi kutoka Korea Kusini, na ambapo imeundwa MV Mwanza yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Jina ni letu tangu zamani. Mitambo na michoro ni ya wageni. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba mababu walibuni karakana ile kwa kuwa inaitwa kwa neno lao. Kama jina la kienyeji halitupi sisi mitambo ya Korea, kwa kipimo hichohicho jina la Kihindi halimpi Mhindi mashua iliyoundwa Lamu.

Pingamizi la pili litatoka bara lenyewe. Mkulima wa pamba wa Ngulyati ana nini cha kupata katika mjadala wa ngalawa na jangada? Ana mengi, maana ziwa la jirani yake limekwisha kutendewa jambo hili mbele ya macho ya dunia. Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akitokea Tabora, alilitazama ziwa kutoka upande wa Mwanza. Watu waliokuwa wakivua humo waliliita Nyanza, neno lenye ndugu katika Nyasa na nyanja, na ambalo maana yake ni maji makubwa. Yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Miaka 17 baadaye Henry Morton Stanley alilizunguka, akauhesabu mto Simiyu kuwa chanzo cha mbali cha Naili upande wa kusini, na mlango wa maji unaoupokea mto huo mpaka leo huitwa Ghuba ya Speke. Mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 umepewa jina la mto wenyewe, lakini maji ya mto huo yakifika mwisho wake yanaingia kwenye jina la Mwingereza. Je, kwa sababu hiyo samaki wa Busega, wilaya ya Simiyu iliyo kando ya ziwa, walipandwa na Uingereza? Mitumbwi iliyowavusha watu kwenda Ukerewe ilichongwa London? Kila mtu wa Simiyu anajua jibu, na analijua bila kusoma kitabu. Ujuzi huohuo alionao juu ya ziwa lake autumie juu ya bahari ya wenzake. Nguo ya tanga, baada ya kuiacha mikeka, ilikuwa ya pamba, na anayelima pamba si mgeni kabisa katika habari za vyombo vya upepo.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wapenzi wa lugha, nalo husemwa kwa uchungu wa kweli. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema, na nguo ya kuazima haisitiri. Wangependa jahazi, mashua na nahodha yapewe majina safi ya Kibantu, ili historia yetu isomeke bila kuazima. Uchungu wao unastahili heshima, maana umetokana na miaka mingi ya kuambiwa kwamba hatukuwa na kitu. Lakini dawa yao inakubali kosa lilelile la mpinzani wao. Anayetaka kufuta jina la kigeni ili arudishe chombo amekwisha kukubali kwamba jina ndilo lililokichukua chombo. Mgeni njoo mwenyeji apone: watu wa pwani walipokea neno kama walivyopokea mgeni, wakalipa kazi, wakalitia katika ngeli zao, wakalitungia methali. Nahodha sasa hukaa katika methali ya manahodha wengi wanaokipeleka chombo mrama, na hakuna Mwajemi anayeweza kuidai methali hiyo. Kulifukuza neno kama hilo ni kuifukuza kumbukumbu ya siku watu walipokutana na kufanya kazi pamoja, na sehemu ya kumbukumbu hiyo ni machungu ya utumwa na utawala wa wageni, ambayo nayo hayatakiwi kusahauliwa. Methali nyingine ya baharini husema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu aweza kwenda na kurudi baina ya Malabar na Brazili akitafuta asili ya jina, lakini akitaka kujua chombo kinabeba nini na kinavuja wapi, itambidi ashuke ndani yake.

Kushuka huko ndani kunadai kazi ambayo hatujaifanya ipasavyo. Desturi ya kamusi zetu ni kuweka alama ya asili kando ya maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kiingereza, na kuyaacha ya Kibantu bila alama, kana kwamba neno la mgeni ndilo lenye historia na neno la mwenyeji liliota lenyewe. Mwanafunzi akisoma hivyo miaka mingi hujifunza, bila kuambiwa, kwamba historia huanza pale mgeni anapotia mguu. Watunga kamusi wa BAKITA na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waandike asili ya kafi na mtumbwi kwa uangalifu uleule wanaoutumia kwa jahazi, na wawataje ndugu wa maneno hayo katika Kihaya, Kisukuma, Kiganda na Kichewa. Walimu wa Simiyu wawaulize wazee wa Busega wanaovua ziwani majina ya kila sehemu ya mtumbwi, wayaandike, kisha wayaweke kando ya majina ya ngalawa kutoka Mafia na Pemba. Mafundi wanaochonga mwembe kwa tezo wanapungua huku mashua za faibaglasi zikiongezeka, na fundi akiondoka bila kuulizwa, huondoka na maneno ambayo hakuna lugha ya mbali itakayoturudishia. Asili ya jina tumeitafuta vya kutosha kwa kuvuka bahari. Asili ya kazi iko kwa waliosalia kuifanya, na wa kuwauliza ni sisi, tena mapema.